Hiari Inayonunuliwa

Mjukuu wangu huja kunitembelea Njombe kila likizo, akitokea Makambako, na kila ajapo huniachia jambo la kufikiri ingawa mwenyewe hajui. Safari moja, mwezi wa Juni, tulikuwa tumekaa jikoni tukiota moto, maana baridi yetu ya mwezi huo hupenya hata koti la sufu. Nilimwonyesha tunda la parachichi lenye madoa meusi, nikamwuliza kama huko shuleni wamewahi kufundishwa ugonjwa huo. Akasema, "Subiri babu, nimwulize Google," akaanza kubonyeza simu yake.

Nikamwuliza, "Nani aliyekuambia umwulize huyo?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtoto aliyeulizwa ni nani aliyemwambia apumue. "Hakuna aliyeniambia, babu. Yupo tu."

Nimefundisha kwa karibu miaka arobaini, na katika miaka hiyo nimejifunza kuliogopa neno "tu". Mtoto akisema "nimeanguka tu", jua kuna aliyemsukuma. Akisema "daftari limepotea tu", jua kuna habari nyuma yake. Basi siku ile sikumbishia mjukuu wangu, lakini niliendelea kujiuliza: huyo aliyepo tu, amefikaje hapo alipo? Na je, mtu anayemtumia kwa sababu yupo tu, tunaweza kusema kwamba amemchagua?

Jibu la swali la kwanza nililipata kwa kufuatilia kesi iliyotokea mbali sana na Njombe. Jibu la swali la pili, kwa aibu yangu, nililikuta katika ofisi yangu mwenyewe ya zamani. Naomba msomaji anivumilie nieleze yote mawili.

Tarehe 20 Oktoba 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani, pamoja na majimbo 11 ya nchi hiyo, iliishtaki kampuni ya Google katika mahakama ya Washington. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2023 mbele ya Jaji Amit Mehta, na tarehe 5 Agosti 2024 jaji alitoa hukumu yake: Google ina ukiritimba katika kazi ya kutafuta habari kwenye intaneti, na imevunja sheria ili kuulinda ukiritimba huo. Sheria yenyewe si changa. Ilitungwa mwaka 1890, na ndiyo iliyotumika mwaka 1911 kuivunja kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil ikawa vipande 34.

Ushahidi uliotolewa mahakamani ulionyesha kwamba katika Marekani karibu maswali 9 kati ya kila 10 yanayoulizwa kwenye mitambo ya kutafutia habari huulizwa Google. Kwenye simu idadi ilikuwa kubwa zaidi. Lakini si ukubwa huo uliokuwa kosa. Kosa lilikuwa katika njia iliyotumika kuulinda. Google ilikuwa ikiwalipa watengenezaji wa simu, kampuni za simu na wenye programu za kufungulia intaneti, ili yeye awe ndiye aliyewekwa tangu mwanzo, yaani mtu akinunua simu na kuandika swali, swali liende kwake bila mnunuzi kuombwa achague. Kwa mwaka 2021 peke yake malipo hayo yalifikia dola bilioni 26.3. Kampuni ya Apple, inayotengeneza simu za iPhone, ilipata mwaka 2022 kiasi cha dola bilioni 20. Mahakama ilisikia pia kwamba katika kila dola 100 zilizopatikana kwa matangazo kutokana na maswali yaliyopitia programu ya Apple, dola 36 zilirudi kwa Apple.

Sasa wahenga wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo ndipo fumbo la kesi hii lilipo. Jaji mwenyewe hakusema kwamba mtambo huu ni kibaya. Kinyume chake, alikubali kwamba ni bora kuliko ya wenzake, na kwamba kampuni imeajiri watu hodari na kufanya kazi kubwa. Kama ni hivyo, kwa nini chema kilipe dola bilioni 26 kwa mwaka mmoja ili kijitembeze? Mtu hutumia fedha nyingi namna hiyo kununua kitu kimoja tu: uhakika kwamba wengine hawatalinganishwa naye.

Msomaji aliyezoea kusafiri kwa basi atalielewa jambo hili bila kwenda mahakamani. Unatoka Dar es Salaam kwenda Songea. Mchana basi linasimama mbele ya hoteli moja ya kando ya barabara, kondakta anatangaza dakika kumi za chakula na kuchimba dawa. Abiria hamsini wanashuka, wananunua wali na kuku kwa bei ya hapo, wanapanda. Hakuna aliyelazimishwa kula. Pengine chakula ni kizuri. Lakini dereva na kondakta wanakula chumba cha nyuma na hawalipi, na mama ntilie wa mita mia mbili mbele, mwenye ugali moto na mboga ya figiri, hajapata hata nafasi ya kukataliwa. Ukimwuliza abiria kwa nini amekula pale, atajibu kama mjukuu wangu: hoteli ipo tu.

Huyo mama ntilie ndiye anayenirudisha ofisini kwangu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja pembeni mwa mji wa Njombe. Tulikuwa na watoto wapatao mia sita, chaki za kuhesabu, na nyumba ya walimu iliyosimama miaka mitatu bila paa. Biashara huria ilikuwa imeanza kushika kasi, na kila mwenye duka alikuwa anatafuta pa kujipenyeza. Siku moja alinijia mfanyabiashara mwenye duka la vitambaa na mafundi sita. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye maneno machache. Aliahidi kuipa shule boksi la chaki kila mwezi, mipira miwili kila mwaka, na mabati 40 ya ile nyumba. Sharti lake lilikuwa dogo: barua ya shule kwa wazazi iwaarifu kwamba sare zinapatikana dukani kwake.

Sikuona ubaya. Fundi wake mkuu alikuwa hodari, vitambaa vyake havikuchuja, na kamati ya shule ilishangilia mabati. Barua iliandikwa, ikapigwa mhuri, watoto wakaipeleka nyumbani. Siku ya kukabidhi mabati yule bwana aliniletea na kitambaa cha suti, cha kijivu. Nilikishona, nikakivaa kwenye harusi ya binti yangu. Sikukiita rushwa. Nilijiambia kwamba mkono mtupu haulambwi, nikalifunga jambo hilo moyoni.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini mama mmoja mjane. Nilimfahamu, maana alikuwa na watoto wawili shuleni kwangu, na kwa miaka mingi alishona sare za watoto wa mtaa wake kwa cherehani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tulisalimiana "kamwene" kama ilivyo desturi yetu Wabena, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu," alisema, "sijaja kuomba uniandike mimi. Naomba usimwandike mtu."

Nikamjibu kwa upole, na nakumbuka nilivyojiona mwenye haki: "Mama, barua ile haikumkataza mzazi yeyote kushona kwako. Kila mmoja ana hiari yake."

Akafikiri kidogo. "Ni kweli, Mwalimu, haikukataza. Lakini ina mhuri."

Akasimama, akaaga, akaondoka. Miaka thelathini baadaye nilipokuwa nafuatilia kesi ya Washington, nilisikia utetezi uliofanana na wangu karibu neno kwa neno. Google ilisema kwamba hakuna anayelazimishwa, kwamba mwenye simu akitaka anaweza kuubadilisha mtambo wa kutafutia kwa kubonyeza mara chache. Ni kweli, anaweza. Mzazi naye angeweza kupita mbele ya duka lile na kwenda kwa mjane. Lakini mzazi aliyepokea karatasi yenye mhuri wa shule hakuona tangazo la biashara, bali aliona neno la mwalimu. Mtu anayenunua simu mpya naye haoni kwamba sehemu ile ya kuandikia swali imelipiwa. Anaona simu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kushawishi na kununua hiari. Mfanyabiashara anayesimama sokoni na kupaza sauti ananishawishi, na mimi najua kuwa ananishawishi, kwa hiyo nina nafasi ya kumpinga. Lakini anayemlipa mtu ninayemwamini ili aniongoze kwake bila kuniambia, huyo haniongeleshi mimi kabla ya kuchagua. Ameinunua ile nafasi ambamo uchaguzi wangu ungefanyika, nami nimebaki na hiari ya jina, ambayo sina tukio la kuitumia.

Nimesema "mtu ninayemwamini". Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Katika kesi ile aliyeshtakiwa ni mnunuzi wa mlango. Wale waliouuza mlango hawakuwa washtakiwa, na sheria ilikuwa na sababu zake. Lakini dhamiri si sheria. Mfanyabiashara yule alifanya biashara yake, ndiyo kazi ya mfanyabiashara. Mhuri ulikuwa wangu. Wazazi hawakumwamini yeye, waliniamini mimi, na mimi nikauza imani yao kwa mabati 40 na kitambaa cha suti. Kwamba mabati yaliwafunika walimu na mvua ya Njombe, ni kweli, nami siwezi kusema nilitamani walimu walowe. Hata hivyo, imani ile haikuwa mali yangu ya kuuza.

Pengine msomaji atasema: mzee, unakuza mambo. Google haimlipishi mjukuu wako hata senti moja. Ni kitu cha bure.

Ni bure kwa anayeuliza, lakini si bure kwa anayetaka kujibiwa. Mwenye nyumba ya wageni au muuza mbegu anayetaka jina lake lionekane juu kabisa hulipa, na nafasi hizo hupigwa mnada kufumba na kufumbua kila mtu anapouliza. Jaji Mehta aliona kwamba Google iliweza kupandisha bei za matangazo ya maandishi bila kuogopa kwamba wateja wake watakimbilia kwa mshindani. Bei ya tangazo ikipanda, muuza mbegu hailipi kutoka mbinguni. Huiingiza ndani ya bei ya mbegu. Shuleni kwangu vilevile: chaki zilikuwa "za bure", lakini katika miaka minne bei ya sare ilipanda mara mbili, na wazazi ndio waliozilipia zile chaki, kila mmoja senti kidogo kidogo, bila kujua.

Juu ya matangazo kuna kesi ya pili, na hii wakulima wetu wa viazi wataielewa upesi kuliko mawakili. Mwanadamu anayekwenda soko la Makambako kuuza gunia anajua taabu ya dalali, na anajua taabu ya lumbesa, lile gunia linalovikwa kilemba juu huku likihesabiwa kuwa gunia moja. Sasa fikiria dalali mmoja ambaye anamsimamia mkulima, tena anamsimamia mnunuzi, na uwanja wa soko ni wake, na mzani ni wake. Kila biashara ikifanyika anakata chake, wala mkulima hana namna ya kujua kama bei aliyopata ni bei ya soko au ni bei ya dalali.

Ndivyo Wizara ya Sheria ya Marekani ilivyoueleza mfumo wa kuuza nafasi za matangazo kwenye kurasa za intaneti, katika kesi iliyofunguliwa Januari 2023 huko Virginia. Google ilikuwa na chombo cha wenye magazeti cha kuuzia nafasi, ilikuwa na vyombo vya wenye matangazo vya kununulia, na soko la katikati lilikuwa lake. Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema aliamua kwamba Google imejipatia ukiritimba kinyume cha sheria katika chombo cha wauzaji na katika soko la katikati, na kwamba imevifunga viwili hivyo pamoja ili anayehitaji kimoja alazimike kuchukua na cha pili. Dai la tatu, lililohusu upande wa wanunuzi, alilikataa. Septemba mwaka huohuo Tume ya Ulaya nayo iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.95 kwa mambo ya namna hiyohiyo. Waliolia zaidi ni wenye magazeti, ambao kwa mapato ya matangazo ndio hulipa mwandishi wa habari. Gazeti likikosa mapato, anayepungukiwa ni raia.

Sisi wa umri wangu hatuuzungumzii ukiritimba kama watu waliousoma vitabuni. Tumeishi ndani yake. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi yalifungwa katika Operesheni Maduka, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka huohuo, bidhaa zikawa za Kampuni za Biashara za Mikoa, RTC, na mahindi yakanunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Redio ya nchini ilikuwa moja hadi katika miaka ya 1990. Nia ilikuwa njema: mnyonge asinyonywe. Nilikuwa mwalimu kijana, niliiamini nia ile, na hadi leo siidharau. Lakini nilisimama foleni ya sabuni tangu alfajiri, nikamwona mwenye duka la kijiji akiitoa kwa mlango wa nyuma.

Kuna jambo moja la kuusifu ukiritimba ule wa zamani: ulijitangaza. Kila mtu alijua kwamba duka ni moja, na foleni ilimkumbusha asiyejua. Tulinung'unika, na mwisho manung'uniko yalibadilisha siasa. Huu wa sasa hauna foleni. Ni mwepesi na wa haraka, tena unakuita kwa jina lako. Mtu hainung'unikii raha. Kwa hiyo kazi ya kunung'unika imebaki kwa majaji, wanaosoma maelfu ya kurasa ili waone kile ambacho mwenye simu hawezi kukihisi kidoleni.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la Wazungu peke yao. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, ikaunda Tume ya Ushindani, ile inayojulikana kwa herufi FCC. Sheria ile haikukataza mtu kuwa mkubwa. Ilikataza mkubwa kuutumia vibaya ukubwa wake. Mwaka 2009 kampuni ya bia ya Serengeti ililalamika mbele ya Tume dhidi ya kampuni kubwa zaidi ya bia, TBL. Shauri lilihusu nini? Lilihusu kuta za baa: mikataba ya kupamba baa kwa matangazo ya kampuni moja, na kuondolewa kwa matangazo ya mwenzake. Mwaka 2010 Tume iliamua dhidi ya TBL, nayo TBL ikakata rufaa. Sijadili hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba ukuta wa baa na uso wa simu ni kitu kimoja: ni mahali ambapo macho ya mteja hufika kabla ya akili yake.

Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na swali kama hilo juu ya fedha za simu. Mawakala wa M-Pesa walifungwa na masharti ya kuihudumia Safaricom peke yake, mshindani akalalamika, na mwaka 2014 Safaricom ikakubali kuwaachia mawakala wafanye kazi na kampuni nyingine pia. Leo hapa Makambako, karibu na njia panda ya Songea, wakala mmoja chini ya mwavuli mmoja ana simu tano za kampuni mbalimbali, na mteja ndiye anayesema ni ipi. Mwavuli ule mimi huutazama kwa furaha.

Lakini je, kufungua mlango kunatosha? Hapa ndipo mahakama na mimi tunapokutana tena.

Tarehe 2 Septemba 2025 Jaji Mehta alitoa amri zake. Serikali ilikuwa imeomba Google ilazimishwe kuiuza programu yake ya Chrome, jaji alikataa. Alipiga marufuku mikataba ya kumfungia mtu atumie Google peke yake, na akaamuru baadhi ya takwimu za utafutaji zigawiwe washindani. Malipo yenyewe hakuyakataza, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba kuyasimamisha kungewaumiza wale wanaoyapokea. Niliposikia hilo nilikumbuka mabati yangu. Alisema pia kwamba akili bandia imebadili hali, maana sasa watu wengi huuliza mitambo inayojibu kwa sentensi badala ya kuonyesha orodha. Naona ni kweli, ila naongeza wasiwasi wangu: palipokuwa na majibu kumi sasa pana moja, na mhuri wake ni mkubwa zaidi.

Mwaka 1998 na mimi nilitoa amri yangu. Dhamiri ilikuwa imeanza kunichoma, na mabati yalikwisha kupigiliwa. Niliandika barua ya pili: mzazi ana ruhusa ya kushona sare popote, mradi rangi na kipimo viwe vilevile. Nilidhani nimemaliza. Januari iliyofuata watoto walikuja shuleni, na karibu wote sare zao zilitoka duka lilelile.

Nilichunguza sababu. Yule fundi mkuu alikuwa na daftari ambalo ndani yake aliandika vipimo vya kila mtoto, darasa kwa darasa, kwa miaka minne. Mzazi hakuhitaji hata kumleta mtoto. Alitaja jina tu. Kila sare aliyoshona ilimfundisha kushona inayofuata, na kila mtoto aliyeandikwa aliliongezea daftari lile thamani. Fundi mpya angeanza na karatasi tupu. Zaidi ya hayo, mafundi wa mitaani walikuwa wamekwisha. Mmoja alihamia Songea. Yule mjane aliuza cherehani mwaka 1996 na kwenda kuchuma chai. Mtoto wake wa mwisho alimaliza darasa la saba akiwa na sare iliyoshonwa kwa mkono, mshono mfupi mfupi ulionyooka kuliko wa mashine. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi mstarini.

Kwa hiyo jaji alipoamuru takwimu zigawiwe, mimi mzee wa Njombe nilielewa kwamba ameamuru daftari lifunguliwe. Hilo mimi sikulifanya, na nadhani amri yake ni bora kuliko barua yangu. Hata hivyo, nina shaka moja. Kuzuia kosa lisiendelee ni jambo moja, na kurudisha kilichokwisha kufa ni jambo jingine. Mazoea yana taabu. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliiadhibu Google kwa mambo ya simu za Android, na baadaye watu wa huko wakaanza kuonyeshwa orodha ya mitambo ili wachague. Mwanzoni hata nafasi za kwenye orodha hiyo ziliuzwa kwa mnada, mpaka mnada ukaondolewa mwaka 2021. Na baada ya yote hayo, wengi walichagua Google.

Je, basi ilikuwa kazi bure? Niliwahi kufikiri hivyo. Sasa sifikiri hivyo tena. Mtu aliyeulizwa akajibu "namtaka yuleyule" si sawa na mtu ambaye hakuulizwa, ingawa mkono wake umebonyeza palepale. Wa kwanza anaweza kujibu vingine kesho. Haki niliyomnyima yule mama haikuwa haki ya kupata wateja. Hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Ilikuwa haki ya kulinganishwa. Ningeweza kubandika kwenye ubao wa matangazo majina ya mafundi wote wa kata, na jina la yule bwana likiwa la kwanza kama alitaka, na nyumba ya walimu ingeezekwa kwa nguvu za wazazi, polepole. Sikufanya. Mama yule ni marehemu sasa. Tulikutana mara nyingi barabarani kabla hajafariki, akanisalimu kwa heshima kila mara, nami kila mara nikaitika na kupita.

Likizo iliyofuata mjukuu wangu alikuja tena. Nilimwomba anionyeshe mahali pa kubadilishia huo mtambo wa kutafutia kwenye simu yake. Alihangaika kidogo, maana hakuwahi kufika huko, mpaka akapata orodha fupi ya majina. Aliyasoma kwa sauti, mengine hakuwahi kuyasikia. Akajaribu moja, akaliuliza habari za madoa ya parachichi, akajaribu jingine. Kisha akarudi kwa Google.

"Huyu nimemzoea, babu," akasema.

Nikamwambia ni sawa. Safari hii alikuwa ameulizwa.